Jino la Diwani

Kibondo,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje wiki hii? Na presha, vidonge unameza, au bado kazi yote unamwachia Mungu peke yake? Mimi mzima. Friji za watu zinaharibika kama kawaida, riziki inapatikana, na baridi ya huku nimeizoea, ila bado naoga kwa kelele.

Sasa nikupe habari. Bibi Eliza, yule mjane wa Kiha aliyenipangisha chumba, ana paka wa miaka kumi na sita. Jicho moja lina ukungu na miguu ya nyuma imekakamaa. Anaitwa Diwani, kwa sababu, asema Bibi, anapita kila nyumba, anakula, na panya wako palepale.

Juzijuzi binti yake Bibi alijifungua kule Manyovu, ikabidi aende akamlee mzazi. "Mwana wanje," akaniambia, ndiyo mwanangu kwa Kiha chao, "nakuachia Diwani." Akaondoka hata nyuma hakutazama.

Siku ya pili Diwani akakataa dagaa. Ya tatu akakataa maziwa. Anasogea, ananusa, anatafuna upande mmoja, kisha anaruka nyuma kama sahani imemng'ata. Mate yanamchuruzika. Nikamwelewa, Mama, maana mimi mwenyewe nina gego bovu tangu mwezi wa mfungo, nalituliza kwa zile karafuu ulizonifungia. Basi nikatwanga karafuu, nikachanganya na nusu kidonge cha parasetamoli, nikamkamata.

Kabla hajameza hata chembe, alinichana mkono mpaka nikapiga yowe. Jirani yangu Zuberi, mwenye duka la misumari, akaja mbio, na alipoona ninachofanya akampigia simu bwana mifugo.

"Acha!" bwana mifugo akafoka simuni. "Hicho kidonge kinaua paka, hata kipande! Na karafuu ni sumu kwake. Mimi ni mtu wa ng'ombe na mbuzi. Mpeleke Kasulu kwa Dokta Neema, leo hii."

Nikamtia kwenye kikapu cha kifuniko, nikapanda basi.

"Umebeba kuku?" konda akauliza.

"Diwani," nikasema. "Anaumwa jino."

Mzee mmoja mwenye koti akageuka. "Diwani wa kata gani?"

Kabla sijajibu, kikapu kikalia nyaau.

"Ndiye," akasema mzee. "Hata wetu ukimuuliza habari za barabara hujibu hivyohivyo."

Dokta Neema ni binti mdogo hata kuliko Rehema wetu. Akamfunua mdomo taratibu. "Meno mawili yameoza mpaka kwenye mzizi. Paka huficha maumivu, kaka. Ukiona ameacha kula, ujue ameteseka siku nyingi." Nikaona haya. Akamchoma sindano ya usingizi, akashika koleo, na hapo sikumbuki tena. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni. Diwani yuko mezani, ulimi nje, meno yameshatoka.

Dokta alikuwa anatazama shavu langu. "Na hilo lako?"

"Limepoa."

"Limepoa, na limevimba hivyo? Kabanga hospitali ipo, si mbali. Mwache mgonjwa hapa aamke, nenda."

Ningekataa, Mama, lakini ningemtazamaje yule paka? Nikaenda. Nililia kabla hawajanigusa.

Wiki nzima tukawa wagonjwa wawili chungu kimoja: dagaa waliochemshwa bila chumvi, nikawaponda wakawa kama uji, vuguvugu. Dawa ya maji ya Dokta nilimdondoshea kwa bomba lisilo na sindano, kipimo kilekile alichoniandikia. Blanketi langu nililitandika karibu na jiko akalale yeye, na boksi lake la mchanga nikalikata upande mmoja asilazimike kuruka. Siku ya tano alimaliza sahani yake, akaja akala na yangu.

Juzi Bibi akarudi. Diwani alikuwa amejinyoosha juani anajilamba. Bibi akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani.

"Yupo?"

"Yupo, Bibi."

Akakaa chini palepale, akalia. Baadaye akasema, "Nilijua anakufa. Sikutaka kuona. Nikakuachia wewe mgeni, umzike bila machungu. Kumbe hujui kwamba paka akizeeka huachwa tu."

"Hakuna aliyeniambia, Bibi."

Akajifuta machozi kwa kanga. "Na asitokee wa kukuambia."

Nisalimie Shangazi Mwanaidi, msusi wetu wa mikeka, na Dada Rehema na mumewe. Baba mdogo Hamisi mwambie asichokonoe barafu ya friji kwa kisu. Aizime, aiache wazi, iyeyuke yenyewe. Mjomba Athumani, muadhini wetu, aniombee dua.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka kila nikiosha vyombo peke yangu,

Salimu