Mrija Wako Uliobaki Nyakabere

Uvira, Kilibula, Jumapili baada ya misa

Mama wangu mpendwa,

Nakusalimu weye na baba, na wote wanaolala chini ya paa letu hapo Kalemie. Mguu wa baba unaendeleaje? Yule mama anayeuza samaki wa ndagala aliyeniletea barua yako alisema baba anafika sasa mpaka ufukoni bila fimbo, lakini alisema huku akishusha mizigo yake, kwa hiyo sikumwamini sana. Minye niko muzima. Nimechoka tu. Ukiona mwandiko unapinda, ujue ni mkono umechoka, si hasira.

Katika barua tatu umeniomba jambo moja: nifike Nyakabere nione kama dada yako bado anakuhesabu kuwa mtu wake. Nimefika, mama. Nitakueleza hatua kwa hatua, na tafadhali usiruke kwenda mwisho kama ulivyozoea.

Kituo chetu cha afya kilinituma huko na muuguzi mwenzangu Anastazi kuchanja watoto. Tulikwenda na baiskeli moja, tukipokezana. Kwenye kila bariera ya askari njiani ilibidi tufungue sanduku la barafu kuonyesha kwamba hakuna silaha ndani, na kila tulipolifungua barafu ilipungua. Askari mmoja aliomba achanjwe yeye kwanza, eti mgongo unamuuma. Anastazi alimpa kidonge cha kichwa, akaturuhusu.

Uwanda wa mto Ruzizi bado ni mzuri, hata sasa. Uliniambia viboko wa Ruzizi wanalala majini kama mawe. Niliwaona kwa mbali, na hakuna aliyewaambia kuna vita. Mashamba ya pamba yamekuwa pori, ila mtama ulikuwa umevunwa.

Nyumba ya babu haina tena mabati, ni nyasi tu. Mama mukubwa Kolotilda alikuwa uani anatwanga muhogo. Mkononi ana kitambaa cheusi cha kilio kama chako, kimepauka mpaka kimekuwa rangi ya majivu. Nikamwambia minye ni mutoto wa mudogo wake aliyeko Kalemie. Akauweka mchi chini.

“Mama yako angali muzima?”

“Iko muzima, mama mukubwa.”

“Haya. Kaa.”

Hakunikumbatia. Lakini aliita majirani, akatoa chungu cha pombe ya mtama na mirija miwili mirefu, mmoja wake na mmoja wako. Jirani mmoja mzee ndiye aliyenieleza kwa sauti ya chini. Kumbe kilio cha babu hakijaondolewa mpaka leo, kwa sababu watoto wake wanatakiwa kunywa kutoka chungu kimoja, na mmoja hayupo. Kila mtama ukivunwa, dada yako anapika pombe na kutazama njia. Majirani wanakunywa, kitambaa kinabaki mkononi.

Sasa sikia mwanao alichofanya. Wiki nzima nilikuwa nahubiri habari ya kipindupindu, kila mtu na kikombe chake. Mama mukubwa akanisogezea mrija wako, na minye nikatoa kikombe changu cha plastiki mfukoni, nikaomba nimiminiwe. Mzee aliacha kunywa.

“Kumbe mama yako amekutuma na kikombe,” alisema dada yako. Akafunika chungu kwa jani la ndizi.

Tangu nikiwa mdogo ulinifundisha kwamba anayekataa mrija ni kama anamwambia mwenye nyumba kwamba ana sumu. Nilisahau. Aibu niliyoipata siku hiyo sina pa kuiweka, na kuomba radhi hakukusaidia, maana kila nilivyojieleza nilizidi kuonekana mtu wa mjini anayewaogopa.

Asubuhi hakugusia neno hilo. Alichukua mtungi, akasema nimfuate, kwamba binti yako hawezi kurudi Uvira bila kuona maji yenu. Tukapanda kilima. Ana miaka yake, lakini minye ndiye niliyekuwa nahema. Maporomoko yapo kama ulivyosimulia, maji yanaanguka mwambani na kukulowesha kabla hujayafikia. Chini yake kuna yale maji ya moto mliyokuwa mkichemshia mayai ndani ya majani ya ndizi. Kando yake sasa kuna makopo matupu ya askari. Mama mukubwa aliyasukuma kwa mguu, akakaa.

“Hapa mama yako aliona nyoka, akakimbia na kuniachia mutungi wake. Nilibeba yote miwili,” alisema. Kisha akaendelea, “Siku zile mlipokimbia na bato kwenye ziwa, baba hakuweza kutembea. Siku nne aliniuliza, mudogo wako amefika? Nikamwambia iko njiani. Nilimuzika na majirani. Hasira nilikuwa nayo, sikufichi. Sasa nimechoka nayo. Minye nilitaka tu mutu wa kunywa naye.”

Nikamwambia jambo ambalo najua hukupenda lisemwe: kwamba tulipofika Kalemie ulirudi bandarini, ukakaa siku tatu na mdogo wangu mgongoni, ukiomba bato yoyote ya kurudi, na hakuna iliyokuchukua. Aliniuliza mara mbili, “Siku tatu?” Nikasema tatu. Akanawa uso kwa maji ya maporomoko, akanawa muda mrefu.

Tukiwa tunateremka tulisikia risasi upande wa juu. Uani Anastazi alikuwa amekwisha funga sanduku kwenye baiskeli, ananiita kwa mkono. Nikamwambia angoje. Nikafunua chungu mwenyewe, nikapiga magoti, nikaomba mrija wako ninywe kwa niaba yako. Mama mukubwa alinipa. Nilikunywa, mama, ilikuwa imechachuka vibaya, nikaendelea kunywa. Kisha akauchukua mrija uleule kinywani mwangu, akanywa yeye. Akafungua kitambaa, akakitia motoni. “Baba sasa alale,” alisema. Mrija akauchomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango, ukungoje weye.

Tulirudi kwa miguu, tairi ilipasuka njiani. Alhamisi watu wa Nyakabere walianza kufika hapa Kilibula na magodoro kichwani. Niliwauliza mmoja mmoja. Yule jirani mzee aliniambia dada yako amevuka Ruzizi na wanawake wengine, yuko muzima upande wa Burundi, amemwona kwa macho yake. Nyumba imeungua, paa lote.

Nisalimie baba, asijidai na ule mguu. Nisalimie shangazi anayeuza chumvi, na katekista aliyenifundisha kuandika, aone kwamba bado napindisha mistari. Mdogo wangu mwambie anaonekana katika hadithi hii, mgongoni kwako, akiwa amelala.

Mrija umeungua na paa, mama. Lakini pombe ilikuwa imekwisha nywewa, na aliyekunywa baada yako ni dada yako. Kwa hiyo usikunje barua hii kwanza. Mwite baba, akufungulie hicho kitambaa mkononi.

Ni minye binti yako,
Jozefina