Kinoo Chetu na Mbao Zako za Theluji

Mjukuu wangu Salim, mume wangu wa mbali,

Alhamdulillahi, goti lako limepona! Picha yako umesimama kwenye theluji nimeionyesha kijiji chetu kizima cha Ozi. Mama yako ameanza tena kula, na mpunga umetoa masuke.

Unauliza ununue nini cha kunolea kingo za chuma za mbao zako za kutelezea, usije ukaanguka tena kwenye barafu: mashine, au tupa na kinoo?

Mwaka nilioolewa, mto ulianza kujaa na mpunga haujavunwa. Babu yako akakimbiza visu vyetu Tarasaa, kwenye mashine ya kunolea. Vilirudi vinang'aa, makali yamegeuka buluu kwa moto wa mashine, chuma kimelegea. Kabla ya adhuhuri vyote vilikuwa butu. Na kwetu ni tope tupu, jiwe huokoti. Kinoo kilikuwa kimoja, cha mama mkwe wangu, kililetwa kutoka bara. Akaketi juu ya tuta, akakimwagia maji, akanoa taratibu kisu baada ya kisu, akijaribu kila kimoja kwa ukucha, nasi tukikata. Maji yalipoingia shambani yalikuta mabua. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Basi mashine iache dukani. Nunua tupa laini, kinoo kidogo, na kibanio cha kushika tupa isiyumbe. Noa kidogo, lakini mara kwa mara. Makali yakikwangua ukucha, yatosha.

Kinoo kile ninacho bado, kimelika katikati. Ningekutumia, lakini nasikia huko milima yote ni mawe. Hapa ndilo jiwe letu pekee.

Ni mimi, nyanya yako.