Suti Uliyompa Ingelin

Titran, Frøya
Novemba

Kwa kaka yangu Eivind,

Salamu zangu zikufikie huko Stavanger ukiwa mzima, wewe na Marit, na natumaini goti lako limepona vizuri baada ya upasuaji. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, anaulalamikia upepo kama kawaida yake, na juzi alipanda ngazi mwenyewe kwenda kuziba dirisha la dari kabla sijarudi kazini. Ingelin naye ni mzima. Nalisema hilo mapema ili usome yaliyobaki bila kukimbilia mwisho.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikianza kupandisha hasira wewe unashusha sauti, unaniambia, "Gunnvor, tulia, vuta pumzi kwanza," kama mtu anayemtuliza farasi, na mwisho wake mimi ndiye ninayeonekana mwenye kelele. Leo hunikatizi.

Mwanao alifika Jumamosi kwa boti ya abiria kutoka Trondheim, akiwa na begi kubwa kuliko yeye. Alikuwa amefurahi. Alisema chuo kimefungwa kidogo na amekuja nimfundishe kuzamia, maana umemruhusu hatimaye na hata umempa vazi. Akafungua begi pale pale sebuleni, mbele ya Mama, akatoa suti kavu, lile vazi la kuzamia lisiloingiza maji. Rangi ya chungwa, kiraka cheusi kwenye goti la kulia. Eivind, nilikaa chini. Nilimuuliza ulimwambia nini ulipompa. Akacheka kwa aibu kidogo, akasema, "Baba anasema suti haina kasoro yoyote, shangazi. Anasema wewe ndiye hukuwa na utulivu siku ile."

Siku ile. Basi tuizungumze siku ile, kwa kuwa wewe umeizungumza miaka yote bila mimi.

Tulikuwa watatu, wewe, mimi na Tarjei, kwenye boti yake, tukiokota kombe wa baharini kule nyuma ya mnara wa taa. Suti yangu ilikuwa imepasuka shingoni, wewe ukanipa hiyo ya chungwa. Ulikuwa umeinunua kwa mtu wa mitambo ya mafuta, jitu la mtu, na hata wewe ilikupwaya. Mimi nilivaa soksi za sufu juu ya soksi za sufu na bado vidole vyangu havikufika mbele ya kiatu. Nikasema inanipwaya miguuni. Ukaniambia niongeze uzito kwenye mkanda, nitashuka tu. Nikaongeza. Nikashuka kama nanga, na kwa kuwa nilikuwa mzito mno ikanibidi nijaze hewa nyingi ndani ya suti ili nisigote chini. Nilipoinamisha kichwa kuokota kombe, hewa yote ile ikakimbilia miguuni. Viatu vikavimba, mapezi yakachomoka, nikaanza kuvutwa juu miguu ikitangulia. Unajua vali ya kutolea hewa iko begani. Bega likiwa chini ya miguu, utaibonyeza mpaka kesho na hewa haitoki. Tarjei alinikimbilia. Alinishika kiunoni tukapanda wote wawili, kwa kasi ambayo hakuna mzamiaji anayepaswa kupanda, naye alikuwa amekaa chini muda mrefu kuliko mimi. Mimi nilitoka na damu puani. Yeye alipelekwa kwa helikopta kwenye chumba cha shinikizo kutibiwa mapovu ya hewa kwenye damu, na mguu wake wa kushoto haujarudi sawa hadi leo.

Na wewe ulisimama gatini, watu wote wakiwa wamekusanyika, mke wa Tarjei akilia, ukasema, "Gunnvor alipaparika." Hukusema kwa ubaya. Ulisema kwa huruma, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu huruma watu huiamini. Nilichekwa dukani. Mzee Asbjørn wa kiwanda cha barafu aliniuliza mbele za watu kama nikilala kitandani huwa nafungiwa kamba miguuni. Nikaacha kuzamia, nikaenda kiwandani kukata samoni, nikawa nampelekea Tarjei supu ya samaki kila Ijumaa na kushindwa kumtazama usoni. Nilikuamini, Eivind. Nilijua mwili wangu mwenyewe ulifanya nini kule chini, lakini nilikuamini wewe.

Nisingerudi majini kamwe kama si Sunniva, huyu mwanamke aliyefungua shule ya kuzamia pale lilipokuwa ghala la nyavu. Mwaka jana aliniona nimesimama gatini nikiwatazama wanafunzi wake, akaniuliza naogopa nini. Nikamwambia miguu yangu huelea. Hakucheka. Akasema miguu ya kila mtu huelea ndani ya suti kavu ikiwa hewa imepewa nafasi ya kukaa huko, na kazi yote ni kuinyima nafasi.

Sikiliza alivyonifundisha, maana wewe unawafundisha watu usalama kazini na hukuwahi kunifundisha hata kimoja. Kwanza alinipunguzia uzito mpaka nikabaki na ule unaotosha tu, ili nisihitaji hewa nyingi ndani ya suti. Akanivisha suti inayonikaa, yenye viatu vya kipimo changu na mikanda ya kubana mashavu ya miguu. Akateremsha mtungi wa hewa kidogo mgongoni, akahamisha vipande vya uzito kutoka kiunoni hadi chini yake, kimoja kimoja, akinipeleka majini kila mara kutazama nini kimebadilika. Akanikataza kuchezesha mikono. Alisema niwe kama mtu aliyelala kifudifudi mezani, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinuliwa natazama mbele, hewa imetandazwa mgongo mzima kama blanketi jembamba. Wiki za mwanzo nilipinduka, nikabingirika, nilimeza maji. Akanifundisha kujiokoa pia: ukihisi miguu inakwenda juu, kunja magoti kifuani, jiviringishe mbele, simama wima, kisha toa hewa begani. Siku moja nilisimama juu ya mwani bila kusogea, sipandi wala sishuki, kaa mdogo akipita chini ya kidevu changu. Nililia ndani ya miwani. Nililia kwa hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Turudi kwa mwanao. Nilimkataza kuvaa ile suti. Nilimwambia haimtoshi, nikamwekea ya Sunniva kitandani. Lakini Ingelin ni damu yako, na neno lako kwake ni kubwa kuliko langu. Jumatatu asubuhi nilimkuta gatini keshaivaa. Aliniambia kwa upole, "Shangazi, usikasirike, Baba amezamia nayo miaka mingi." Ningeweza kumvua kwa nguvu. Nikaona nikifanya hivyo atakwenda nayo siku nyingine nisipokuwepo. Basi nikampeleka pale kwenye ngazi, maji ya kina kifupi, Sunniva upande mmoja na mimi upande mwingine, na nikampunguzia uzito kwanza.

Hata hivyo ilimgeuza. Aliinama kutazama nyota ya bahari na mara miguu yake ikawa juu ya kichwa, viatu vimevimba kama mito ya kulalia. Niliyaona macho yake nyuma ya kioo. Ni macho yako, Eivind. Nilishika pezi moja, Sunniva akashika jingine, tukayavuta chini huku nikimwonyesha kwa mkono akunje magoti, akunje, akunje, mpaka akasimama wima na hewa ikatoka. Tulipomtoa alikaa kwenye mbao, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye pia hana utulivu. Kama wewe ulivyotaka mimi niseme. Nilimshika uso nikamwambia hapana, ni viatu.

Jioni ile nilikwenda kwa Tarjei. Alikuwa akimenya viazi. Nilimweleza yote, nikamtajia na rangi ya suti, kiraka na vyote. Akaweka kisu chini. Akasema, "Nilimwapia kaka yako kwamba sitasema. Lakini sikumwapia kuhusu mtoto."

Akanieleza kwamba majira ya kuchipua kabla ya ajali yangu, suti hiyo hiyo ilikupindua wewe. Mahali pale pale, miguu juu vile vile. Kwamba alikudaka mkono, akajishika kwenye jiwe na mkono mwingine, akakuvuta chini mpaka ukageuka. Kwamba ulikaa nyuma ya chumba cha usukani ukatapika, ukamsihi asimwambie mtu, kwa sababu ulikuwa unasubiri ile kazi Stavanger na hukutaka isikike kwamba ulipinduka. Kisha ukaitundika suti ukutani. Na suti yangu ilipopasuka, uliitoa ukutani ukanipa.

Tarjei nimemkasirikia pia, na nimemwambia. Alilia, mtu mzima. Lakini yeye amelipa kwa mguu wake. Wewe umelipa kwa nini?

Nadhani najua ulivyofanya. Nadhani uliusema uongo ule mara nyingi mpaka ukaugeuza kuwa kumbukumbu, na siku ulipomkunjia Ingelin suti ile uliamini kweli kwamba unampa kitu kizuri. Lingekuwa jambo la mtu mwovu ningelielewa upesi zaidi. Unampenda yule mtoto. Na ungemuua, ili tu usikumbuke siku moja uliyoogopa.

Suti nimeikata vipande. Ingelin anaendelea kujifunza, kwa vazi linalomtosha, na jana alisimama juu ya mchanga bila kutikisika mpaka Sunniva akapiga makofi chini ya maji. Mama sijamwambia. Ingelin naye sijamwambia, ingawa ameniuliza waziwazi kama baba yake alijua. Nilimjibu akuulize wewe. Atakupigia Jumapili baada ya chakula. Atakuwa ameketi hapa jikoni, na mimi nitatoka nje ili usiseme nilimwekea maneno mdomoni. Mjibu.

Wasalimie Marit na majirani wanaonikumbuka. Mama anasema uvae kofia.

Ni mimi mdogo wako,
Gunnvor