Maji ya Kisima Yalipokimbilia Shimoni

Mpendwa jirani yangu, Mama Njeri,

Jana nilipita Ruiru nikasimama kidogo penye kaburi lako. Nilichotaka kukuambia ni kirefu. Nimerudi Thika, nikaona afadhali niandike.

Unakumbuka walipochimba shimo la tangi la chini ya ardhi kwenye kile kiwanda kipya, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni? Nilikuwa na miezi minne tu hapa, nimetoka Bungoma na Nekesa mgongoni kumfuata mume wangu, Kiswahili chenyewe cha kubahatisha. Kisima chetu kikaanza kukauka, na wanawake wakakumbuka kwamba mgeni ni mimi.

"Huyu amekuja na uchawi wa kwao," mmoja akasema, akaipiga ndoo yangu teke. Uliiokota ukanipa.

Wewe ulikuwa ukiwauzia wachimbaji uji. Uliona mashine ikivuta maji shimoni kutwa nzima na kuyamwaga mtoni. Ukamwuliza fundi yanatoka wapi. Akakueleza kwamba maji hutembea chini ya ardhi, hupenya kwenye udongo na mawe, na shimo likishuka kuliko visima, maji ya jirani yote hukimbilia huko.

Mwingine angeishia hapo. Wewe ulifunga jiwe kwenye kamba, ukawa unapima kisima kila asubuhi. Mashine ikaharibika siku tatu, maji yakapanda. Ilipotengenezwa, yakashuka tena. Ndipo ulipotuita wote kisimani, ukatuonyesha mafundo uliyofunga kwenye kamba kila siku pale maji yalipofikia.

"Haya niambieni," ukasema, "Mama Nekesa alikuwa anapumzika kuroga mashine ikiharibika?"

Mmoja akacheka, kisha wote. Yule wa teke alinishika mkono, akanitekea maji.

Hukutosheka. Ulituongoza hadi kwa msimamizi wa ujenzi, na siku zile wanawake kumi wakisimama pamoja tu, askari walikuja. Msimamizi alitufokea tuondoke. Ukakaa chini mlangoni na debe lako la uji. "Nitawapa watu wako uji ukishatusikiliza," ukamwambia. Wachimbaji wenyewe wakaanza kumsihi. Kabla wiki haijaisha, maji ya mashine yalikuwa yakipita kwenye bomba hadi mapipa ya karibu na nyumba zetu.

Tangi lilipokwisha kujengwa, mashine ikazimwa, na kisima kikarudi. Si kama zamani. Kuta za tangi zimeziba njia ya maji upande wa kiwandani, na wakati wa kiangazi tunasubiriana. Lakini tunasubiriana tukipiga hadithi, na wote huniita dada.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Asubuhi ile ulipotuita kisimani, nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa kwenye leso, na tikiti ya gari moshi nilikuwa nayo mkononi. Nilikuja kukuaga tu.

Wadogo watatu wa Nekesa wamezaliwa hapa Thika. Asante, mama.

Jirani yako wa mlango wa pili,
Mama Nekesa