Sufuria Kando ya Ua

Kefa, nakuandikia nilichosikia: gari ya memsaab, mzungu mwenye nyumba, ilikuwa inateremka tayari kwenda Nairobi, memsaab akapiga kelele dirishani: "Wakonyo! Hewa ikikauka, hiyo ua yangu ya sebuleni inakufa. Chemsha maji kando yake, asubuhi na jioni!"

Hii ni Nyeri, 1954. Wakonyo, mfanyakazi wa nyumba, akatafuta sufuria kubwa kabisa. Vioo vya madirisha vikajaa jasho.

Siku ya tatu akaingia Ngatia, homgadi wa kijijini kwao, mlinzi wa serikali ya wakoloni aliyewasaka wapiganaji wa msituni, na askari wawili.

"Mwenye nyumba hayuko. Unapikia nani wa msituni?"

"Napikia ua."

Ati ua! Alisema hivyo hivyo, Kefa. Napikia ua.

"Ua inakula uji ya watu kumi?" Wakacheka.

"Funua, baba, ni maji tu!"

Akafunua. Maji matupu. "Basi unga umeficha."

"Muulizeni memsaab!"

"Akirudi tutamuuliza."

Binti wa Wakonyo, Waithira, ameniambia haya leo hapa Kagio.

Wakonyo alifungwa miaka mitatu, eti analisha watu wa msituni. Waithira alilelewa na nyanya yake. Ngatia alipewa shamba. Memsaab alirudi, akakuta ua limekauka, akaandika mfanyakazi mwingine. Hakuna aliyemuuliza kitu.