Mito ya Wodi ya Wazazi

Jumatano, 5 Machi

Nimechaguliwa! Mimi, mchora ramani wa chumba cha nyuma, ndiye msimamizi wa Wiki ya Kujitolea kwa idara nzima. Sijui ni heshima au nimetupiwa mzigo – Mkurugenzi alipouliza nani yuko tayari, wenzangu wote waliinamisha vichwa. Mimi nikachelewa kuinamisha. Basi.

Lakini mwaka huu hatuchekwi. Naapa! Mwaka jana tulipanda miche mbele ya shule, ikafa yote kwa kiu. Idara ya Maji! Mpaka leo wale wa Idara ya Ardhi wakikutana nasi kwenye korido wanatuuliza kama tumekunywa maji.

Mchana nikampigia simu muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, palepale alipolazwa mdogo wangu kwa ajili ya presha ya mimba. Nikamuuliza shida yao kubwa ni ipi. Hakufikiri hata kidogo. Mito! Akasema imechoka, inanuka, mingine imepasuka na kumwaga uchafu, akina mama hawalali. Nikamwambia, Sista, umefika penyewe, mito ndiyo kazi yetu. Alifurahi mpaka akaniombea dua.

Nyuma ya wodi ile inapita mito miwili midogo, inakutana kwenye kalvati la barabara. Naijua vizuri, niliichora kwa mkono wangu. Uchafu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkurugenzi amekubali tuisafishe ile mito. Mtu huyu hana methali isiyo na maji. Leo: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaniangalia mimi.

Jioni nikaenda kumwona mdogo wangu. Miguu imevimba, ulimi haujavimba. Ameikunja sweta yangu nzuri, ameiweka chini ya kichwa. Nikamgombeza, mbona unaniharibia sweta? Akasema dada, hapa kila mtu na lake. Nikamsamehe kwa vile ni mjamzito.

Akanionyesha ukutani. Mstari wa tope, karibu usawa wa godoro! Mvua kubwa za kila mwaka zikija, maji huingia wodini, wauguzi hubeba wagonjwa mpaka korido ya juu. Na mvua ziko njiani, na yeye daktari amesema hatoki mpaka ajifungue. Sasa si suala la kuchekwa tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtunza stoo. Jina lake halisi tumeshalisahau, tunamwita Haiwezekani. Makoleo? Haiwezekani. Buti za mpira? Haiwezekani, mali ya serikali. Nikamweleza habari ya ule mstari ukutani, na nani amelala chini yake. Akafunga daftari lake, akauliza nataka buti namba ngapi.

Jumamosi, 8 Machi

Mgongo! Mikono! Sijawahi kuchoka hivi, wala kufurahi hivi.

Tulikuja karibu wote. Nilidhani watakuja wa kupiga picha tu. Mkurugenzi alivua viatu, akavua soksi, akaingia majini kwanza kuliko wote – miguu yake myeupe kwa kukosa jua, tulijifanya hatuioni. Majirani walisimama kutazama watu wa ofisini wakishika koleo. Wakacheka. Mama mmoja akashindwa kuvumilia namna mhasibu wetu anavyochota tope, akamnyang'anya koleo. Basi na wengine wakashuka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kalvati lilizibwa na godoro zima! Lilinasa humo miaka na miaka. Tulifunga kamba, tukavuta, tukaimba, tukaanguka matakoni. Lilipochomoka maji yaliguna, halafu yakaenda. Yakaenda! Nililia, sioni aibu kuandika. Haiwezekani alinishika bega kwa mkono wenye tope.

Ndipo muuguzi mkuu akatoka. Akasifu, akashukuru, akasema hata hakutegemea, hii ni nyongeza kubwa. Halafu akauliza, mito yenyewe je, inakuja lini?

Mkurugenzi akanyoosha kidole kwenye maji. Si hii hapa?

Sista akaangalia maji. Akaniangalia mimi. Akalaza shavu kwenye kiganja chake, akafumba macho, kama mtu anayemwonyesha mtoto maana ya kulala.

Mito. Ya kulalia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hata Ardhi wenyewe wangenicheka. Imechoka, imepasuka, inamwaga uchafu – kila neno alilosema lilikuwa sahihi! Na ile sweta! Niliiona kwa macho yangu!

Idara nzima ikanigeukia mimi. Kisha Mkurugenzi akaanza kucheka, kwanza tumbo, halafu sauti. Tukacheka mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Alipopata pumzi akasema, Sista, nipe mpaka Ijumaa. Maji tumeshayavulia nguo.

Jumapili, 9 Machi

Mama amesikia. Mdogo wangu amempigia simu, mbea yule! Mama akanitazama. Nimekusomesha miaka yote hiyo, mwanangu, usijue mto wa kulalia? Akaenda kufuta vumbi cherehani yake.

Jumatatu, 10 Machi

Ukumbi wa mikutano umegeuka kiwanda. Mama yuko kwenye kiti cha Mkurugenzi, anakanyaga cherehani na kuamrisha. Mhasibu anakata vitambaa. Mkurugenzi anatunga uzi kwenye sindano, miwani imeshuka puani, amekosa mara nyingi lakini haachi.

Vitambaa ni yale mapazia ya bluu ya ukumbini. Sponji ni ya viti vibovu vilivyojaa stoo. Nilikwenda kuviomba nikiwa nimejiandaa kwa vita. Haiwezekani akazunguka stoo yake yote, akagusa hiki, akagusa kile. Akasema vimechakaa, yeye mwenyewe atavifuta kwenye vitabu kesho asubuhi. Akatazama chini. Inawezekana, akasema.

Nikamwomba arudie. Akanifukuza.

Jumatano, 12 Machi

Wale wa Ardhi walikuja mlangoni kucheka. Tumesikia Idara ya Maji imehamia Idara ya Usingizi! Mama akawauliza kama wanaume wazima hawana mikono. Waliondoka jioni, nguo zimejaa chembe za sponji. Wanataka kurudi kesho.

Mawingu meusi toka asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia magotini, kwenye benchi la veranda ya wodi.

Asubuhi tulikabidhi, sisi, Mama na wale wa Ardhi. Kila kitanda mto wa bluu! Akina mama walipiga vigelegele, mmoja alijilaza hapohapo akakoroma kwa mzaha. Mdogo wangu alinitupia sweta yangu usoni. Mkurugenzi akafungua hotuba. Hakufika methali ya pili – mvua.

Mvua gani hii! Hotuba ikamezwa. Wauguzi wakaanza kuangalia ule mstari ukutani, mmoja akaanza kukunja mashuka kwa mazoea. Sisi wote madirishani. Maji yakapanda, mekundu, yakabeba matawi, yakagusa ukingo... Haiwezekani alikuwa amenishika mkono mpaka ukaniuma. Yakazunguka mbele ya kalvati. Yakaingia. Yakapita!

Yanapita! Tulikumbatiana, Maji na Ardhi, kama watu wa nyumba moja.

Hapo Sista akapiga kelele kutoka mwisho wa wodi: Maji yametoka!

Idara nzima ikachomoka. Wakanyakua makoleo kwenye gari la idara, Mkurugenzi mbele na suti yake, Ardhi nyuma yao, wote kwenye mvua kuelekea kalvati. Hata mhasibu!

Mimi sikukimbia. Safari hii niligeuka kwanza nikatazama. Mdogo wangu amekumbatia mto wa bluu, anauma pembe yake, shuka limelowa. Mama ameshamshika kiuno.

Wamemwingiza chumba cha kujifungulia. Mto amekwenda nao, alikataa kuuachia. Mama yuko ndani.

Na wale bado wako nje! Hakuna aliyewaambia. Wamesimama kwenye mvua wanalinda mto, Mkurugenzi anapiga kelele za methali, nasikia “maji” tu. Wodini sakafu ni kavu. Kavu kabisa! Nimepitisha kiganja kuhakikisha.

Kuna sauti ndani. Ya Mama – analia au anacheka? Na nyingine, ndogo, sijui ni sikio langu au –

Mlango unafunguka. Sista. Uso wote meno. Anasema neno, mvua imelifunika. Ngoja, safari hii nimsikie vizuri kwanza –