Gikwa Kwenye Mnara wa Askari

Jumatatu, 7 Machi 1955
Chupa tena. Jembe limetoa chupa, vigae na kiatu kimoja cha Mzungu. Kiwanja hiki nyuma ya duka ninaposhonea kimekuwa jalala la Embu nzima. Nalima kila jioni mpaka kafyu. Mgongo unaniua. Yote sababu ya Baba Wanja. Ameapa hampi fundi cherehani binti yake mpaka nimpelekee gikwa, kiazi kikuu, nilichopanda mwenyewe. Cha sokoni ati atakijua. Mzee mkaidi! Lakini nampenda Wanja.

Jumapili, 3 Aprili
Mvua. Nimepanda maharagwe, mahindi, viazi vitamu. Gikwa nimekiweka pembeni, karibu na seng'enge ya kituo cha askari.

Ijumaa, 13 Mei
Amri mpya. Mmea wowote unaopita goti ufyekwe, watu wa msituni wasipate pa kujificha. Nani atajificha kwenye shamba la ukubwa wa kitanda? Sajini Mutegi wa kituoni kaja na fimbo yenye alama ya goti. Nimeuliza ni goti la nani. "La serikali," kasema. Mahindi yamekwenda. Gikwa bado kifupi, lakini lazima kipande juu ya kitu, la sivyo hakizai. Nina hofu.

Jumatano, 15 Juni
Balaa. Sikukiwekea mti, kikajitafutia. Kimepita chini ya seng'enge, kimeshika nguzo ya mnara wa askari. Nimejifanya sikijui.

Jumanne, 9 Agosti
Kimefika juu. Sajini hakifyeki. Kinampa kivuli, anakoroma humo mchana kutwa.

Alhamisi, 20 Oktoba
Bwana mkubwa, Mzungu, amekagua kituo. Akauliza majani yale ni ya nini. Sajini, jasho likimtoka, akajibu ameyapanda makusudi adui asiuone mnara. Bwana amefurahi! Ametoa amri: atakayeugusa mmea huo atatiwa ndani.
Kwa hiyo serikali inalinda kiazi changu dhidi yangu. Na nasikia kuna mwalimu anakunywa uji kwa Baba Wanja kila Jumapili. Nimelia kidogo. Hasira tu.

Jumatatu, 30 Januari 1956
Jua kali. Majani yote yamekauka, mnara uko uchi. Bwana ameona uchafu, amefoka. Sajini kanijia mbio: "Wewe fundi! Hii kitu yako toa na mizizi yote, sasa hivi!"
Nimenung'unika sana, asije akashuku. Ndani nilikuwa naruka. Kiazi kimetoka kizito, nimekipakata kama mtoto.

Jumapili, 5 Februari
Kianjokoma, kwa kina Wanja. Sajini amenisindikiza. Ati barabara si salama. Alitaka kuonja.
Baba Wanja alikigeuza, akakinusa, akakata kichwa cha mbegu akakiweka kando. Kilichobaki kikachomwa. Akala mpaka akalamba vidole. Kisha akauliza: "Mbuzi wanakuja lini?"
Wanja alicheka jikoni, nilimsikia. Mwalimu alimaliza uji wake akaondoka.

Jumamosi, 31 Machi
Mvua ya kwanza. Nimepanda kile kichwa cha gikwa, zawadi ya mkwe. Pembe ile ile.
Amri ya goti haijafutwa. Sajini amekuja, akatazama weee. Akachomeka fimbo yake ya kupimia kando ya gikwa, akaigongea kwa jiwe, akaenda zake. Alama ya goti imezama udongoni.